Kumi na Moja

Kila Alhamisi, saa tisa alasiri,
tunakutana katika chumba kilichokuwa cha mizani
enzi za shamba la mkonge, hapa Pongwe.
Ndoano ya kupimia mizigo bado inaning'inia darini;
Dakta Shekalaghe huikwepa bila kuitazama,
kama mtu anavyomkwepa shemeji anayemdai.

Chama hakina katiba. Kina birika,
kina mihogo ya Bi Mwanahiti, pilipili kando,
na sheria moja ya chaki juu ya mlango:
HAPA HUULIZWA HATA MKUBWA.
Mkurugenzi aliisoma siku moja, akaguna, hakuifuta.

Huja wa panya, huja wa minyoo,
huja yule kijana wa konokono, Semkiwa,
aliyeitetea nukta moja mwezi mzima
hadi tukamwita Nukta, na jina likamganda.
Mimi ni wa mbu.
Shahada sina. Nina tochi, nina mrija wa kufyonzea,
nina miguu miwili niliyoikunjia suruali hadi gotini
usiku themanini na tatu, vibarazani mwa watu,
nikingoja mbu atue
nimnase kabla hajanionja, au baada kidogo.
Watoto wa Mkanyageni huniita Chambo.

Alhamisi ile zamu ilikuwa ya Dakta.
Akawasha projekta. Ukutani ukatokea mstari
laini, mtulivu, unateremka
kama mtu ashukaye ngazi za nyumbani kwao gizani:
dawa mpya ya chandarua inafanya kazi, mbu wanapungua,
wiki kwa wiki, bila ubishi.
"Jarida litaupenda huu," alisema. Makofi.
Nukta, kinywa kimejaa muhogo, akauliza:
"Mbona umenyooka hivyo?
Konokono wangu hawajawahi kunitii namna hii."
Wakacheka.
Mimi nilikuwa naitazama alama ya kumi na nne,
imekaa barabara juu ya mstari
kama mwanafunzi aliyenakili jibu.

Usiku wa kumi na nne sikwenda.
Nilikuwa Bombo, wodi ya watoto,
Tunu wangu kapakatwa, anatetemeka,
na kipimo kikasema malaria,
kikanisema na mimi.
Alfajiri fomu ilikuwa bado tupu mfukoni.
Juzi kumi na tatu. Jana kumi na mbili.
Nikaandika kumi na moja.
Hata mwandiko ulikuwa mzuri.

Nikasimama. Ndoano ikanigonga utosini.
"Ile kumi na moja," nilisema, "hakuna aliyeinasa.
Niliizaa mwenyewe, kwenye benchi la hospitali."

Birika likaendelea kuchemka, halina habari.
Dakta akauliza kwanza hali ya mtoto,
kisha namba ya fomu.
Kwa mpangilio huo. Sijausahau.
Akaifuta alama. Mstari ukateguka kidogo, kama kifundo cha mguu.

Tukadhani yamekwisha.
Pembeni Mbaruku akakohoa:
"Ya ishirini na mbili... mvua ilinikuta njiani,
nikarudi. Nikakadiria."
Na Mwanakheri wa hadubini, ambaye hakosei,
akasema kuna vioo vilivunjika, hakuvitaja.
Hadi adhana ya magharibi
mstari wa Dakta ulikuwa na mapengo
kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.
Mihogo ilipoa. Bi Mwanahiti akaidai hela yake vilevile.

Makala haikwenda mwezi ule.
Mfadhili aliandika barua ndefu, adabu nyingi, meno mengi.
Nikapewa onyo la maandishi, nikalitia sahihi,
na Dakta, siku tatu, alinipita koridoni
akiikodolea macho saa yake.
Ya nne akanitupia betri mpya za tochi:
"Tunaanza upya. Mkanyageni, nyumba ileile."

Jana, saa nane za usiku,
mbwa wamechoka, mwenye nyumba anakoroma,
alikuja mmoja tu.
Alizunguka, akasita, akatua kwenye ugoko,
akaniwahi.
Nikamnasa. Nikangoja hadi kumekucha, hakuja mwingine.
Nikaandika: moja.
Mwandiko mbovu; nilikuwa najikuna.